Tochi ya Rangi Tatu kwa Mwalimu Njeru

Barua ilinifikia Nyeri mwezi wa Januari, imeandikwa kwa mkono wa mke wa Mwalimu Njeru. Mwalimu alinifundisha fizikia miaka ya sabini. Sasa alikuwa amestaafu kwake Embu, na macho yalikuwa yanamwacha. Ugonjwa ulianzia pembeni ukaja ukila kuelekea katikati, na daktari alishamwambia kilichopotea hakirudi. "Kuna mawe yanayong'aa yakimulikwa na taa ya zambarau," barua ilisema. "Mto wetu uko na mawe ya kila aina. Nataka kuyaona kabla macho hayajafungika kabisa. Wewe ni fundi, Wachira. Tengeneza kitu."

Nilianzia kazi kibandani kwangu mtaani Majengo, ambako natengeneza redio. Nilikata kipande cha bomba la plastiki kiwe mwili wa tochi, nikaweka balbu nyeupe mbele na nyingine ndogo nyuma ya kioo chekundu kilichotoka kwenye taa ya nyuma ya baiskeli. Mtambo wa kuwasha rangi ya tatu niliutoa kwenye taa mbovu ya dharura. Kilichokosekana ni ile taa ya zambarau yenyewe.

Jumatano niliteremka Murang'a kwa Shangazi Wambui, dada wa baba wa mke wangu. Alikuwa amefunga duka lake, lakini kisanduku chake cha kukagulia noti bandia kwa taa ya zambarau bado kilikuwa chini ya kitanda. Nilimwomba anipe nikatafutie mawe.

"Ni cha kutafutia mawe?" aliuliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Ati mawe. Kwani Nyeri yameisha?"

Nikamweleza habari za macho ya Mwalimu. Akaenda kukitoa, akakipangusa vumbi kwa leso yake. "Usikivunje njiani," alisema, akanifungia na ndizi za kumpelekea mgonjwa.

Alhamisi niliifunga taa hiyo kwenye tochi, na Ijumaa saa tisa alasiri nilikuwa Embu. Mama Mbogo, mke wa Mwalimu, alinipokea kwa chai na githeri ya mahindi na maharagwe. Mwalimu aliichukua tochi akaipapasa yote, swichi kwa swichi.

"Nyekundu ni ya nini?"

"Ya njiani, Mwalimu. Nyeupe ikiwaka, macho yanasahau giza."

"Na zambarau?"

"Hiyo haionyeshi njia. Inaamsha jiwe, na jiwe lenyewe linatoa rangi yake."

"Sawa," alisema. "Keti, kunywa chai."

Saa mbili usiku hapakuwa na mwezi. Tuliteremka mtoni watatu, Mama Mbogo akiwa mbele na panga, tukifuata duara dogo jekundu. Mwalimu alikataa kushikwa mkono. Tulipofika majini nilibonyeza swichi ya tatu, na mara moja jabali moja likang'aa buluu nyeupe.

"Mwalimu, liko hapa," nilisema.

Mama Mbogo alianza kucheka mpaka akaegemea panga. "Hapo ndipo nilifua shuka jana. Hiyo ni sabuni inayong'aa."

Mwalimu naye alicheka, lakini kwa muda mfupi. Tukaendelea kupanda na mto. Saa nzima mawe yalibaki mawe, na taa ikaanza kufifia kwa sababu betri zilikuwa zinachoka. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kumpa pole nilipoona, kwenye ukingo uliomomonyoka, jiwe la kijivu lenye mishipa ya kijani kibichi, kama jani linalowaka kwa ndani.

"Unaliona?"

"Wapi?"

"Mbele yako, Mwalimu."

Alitazama na kutazama. "Naona giza," alisema polepole.

Ningeweza kumweleza tu lilivyo, turudi nyumbani. Lakini nilikumbuka aliyosema kwenye barua kuhusu pembeni na katikati. Nikampa Mama Mbogo tochi, nikasimama nyuma ya mwalimu wangu, nikamshika mashavu kwa mikono miwili. Hakunikataza. Nikamgeuza kushoto kidogo, nikamwinamisha, nikamrudisha kiasi cha upana wa kidole.

Mwili wake ulitulia ghafla.

"Ni kijani," alisema. "Mama Mbogo, ni kijani."

Tulisimama hivyo mpaka taa ikazimika yenyewe. Mikononi mwangu nilisikia taya zake zikitetemeka, nikajua analia, wala sikumwachia.

Jumapili nilirudi Nyeri, mikono mitupu. Mke wangu aliuliza kama hilo jiwe lilikuwa la thamani. Nilimwambia tuliliacha palepale ukingoni, na tochi nikamwachia Mwalimu pamoja na betri mpya. Kwa wiki mbili nilikuwa nimeshughulika kutafuta mwanga wa kutosha, na mwanga ulikuwapo. Mwalimu alihitaji mtu wa kumgeuza uso taratibu mpaka kitu kiingie kwenye tundu dogo la kuonea alilobakiwa nalo. Hilo nilijifunza Embu, kutoka kwa mtu aliyekuwa ameshamaliza kunifundisha miaka ishirini nyuma.