Dereva aliyegoma kuinuka katuni ilipoisha

Leo mchana nilidhani nimepata maiti kwenye kibanda changu cha video.

Niliweka katuni ya huzuni. Ndani yake mzee kafiwa na mke, ila kila siku anaandaa chai ya watu wawili.

Watoto waliondoka mapema wakilalamika hakuna ngumi. Akabaki dereva mmoja wa lori, ambaye wiki nzima yuko kwenye foleni ya mpakani hapa Tunduma.

Katuni ikaisha. Jamaa hainuki.

"Bosi?" nikamwita.

Nikamgusa mkono. Wa baridi! Polisi nitawaambia nini, kwamba kauawa na katuni?

Nikakimbilia swichi.

"Usiwashe taa, kijana wangu," akasema. "Sijamaliza kulia."

Sikuwasha. Nikakaa kando yake.

Nyie mngewasha?