Prosesa ya Mzee wa Kamera

Kipaza sauti cha msikiti wa mtaa wetu hukwaruza kidogo kabla ya sauti ya mtu kutoka, na mkwaruzo huo ukisikika saa nne asubuhi, wakati ambao si wa sala yoyote, watu wa Lushoto huacha walichokuwa wakifanya wasikilize ni nani. Jumanne ile nilikuwa mezani, nimefungua jedwali la prosesa na mazabodi, yaani ubongo wa kompyuta na bodi inayoubeba, nililolijaza kwa takribani miezi mitatu. Mimi ni mtu wa kudai ushahidi kwa kila jambo, lakini kabla jina halijatajwa nilikwisha kujua. Aliyefariki alikuwa jirani yetu, mzee aliyepiga video za harusi maisha yake yote, Bumbuli, Mponde na vijiji vya katikati, akibeba kamera begani kwenye njia ambazo gari halipiti. Angezikwa alasiri. Jedwali lililokuwa mbele yangu lilikuwa lake.

Naomba wasomaji mnivumilie nilieleze. Kisukari kilikuwa kimemwondolea mzee mguu mmoja, na tangu hapo dunia yake ikawa sebule. Kanda zake zote mwanawe anayeishi Dar es Salaam alikuwa amezihamishia kwenye diski, ila runinga ya pale nyumbani haikuweza kuzisoma. Ilihitajika kompyuta ndogo ya bei nafuu, ya kukaa chini ya runinga bila kelele na kucheza video. Mwana akanipigia simu: "Dada, wewe unasoma shahada ya pili, nisimamie hilo. Fundi asinunue kitu mpaka wewe useme ndiyo. Hawa mafundi bila mtu wa kuwaangalia watatuletea chuma chakavu." Ninasomea misitu, si kompyuta. Hata hivyo nilikubali, na niseme kweli, nilifurahia kuaminiwa.

Fundi mwenyewe ana duka dogo njia ya sokoni, na ana desturi ambayo sijaiona kwingine: hachagui kifaa cha sebuleni kabla ya kuketi katika sebule hiyo na kunywa chai. Anasema lazima asikie nyumba ilivyo kimya, ndipo ajue feni ya aina gani itavumilika. Siku hiyo alikuja na kompyuta ya mteja aliyokuwa amemaliza kuitengeneza, akaichomeka ile diski ili aone video zenyewe zikoje. Kioo kilikuwa kidogo na macho ya mzee hafifu, lakini alijivuta mbele hadi pua ikakaribia kukigusa. "Simamisha hapo! Huyu mwenye sinia ni dada wa bibi harusi, aliolewa Soni. Na huyu wa koti, fundi cherehani, hakualikwa na alikula kuliko bwana harusi!" Tulicheka. Kisha akaweka kidole juu ya mwanamke aliyekuwa akipiga vigelegele. "Huyu alifariki kwa uzazi mwaka huo huo. Watoto wake hawajawahi kumwona sura." Alituambia kwamba katika diski ile kulikuwa na mamia ya watu wa namna hiyo, na kwamba yeye pekee ndiye aliyebaki anayewajua kwa majina. "Mashine ikija, binti, njoo na daftari. Mimi nitataja, wewe utaandika."

Kesho yake fundi alikuwa amekwisha kuchagua: prosesa iliyotumika, yenye uwezo wa picha ndani yake, na mazabodi ndogo mpya ya bei ya chini. Vyote viwili alivitenga katika boksi akisubiri neno langu. Mimi nikaanza kusoma. Niligundua kwamba mazabodi ile ilikuwa na nafasi mbili tu za kumbukumbu, na kwamba isingepokea prosesa za kizazi kitakachofuata. Nikapata nyingine iliyopokea, lakini feni yake ililalamikiwa. Nikapata ya tatu, ila sikuwa na hakika ingestahimili umeme wetu unaopanda na kushuka. "Dada msomi," fundi akaniambia, "harusi ya mwaka ule haihitaji mashine ya kurusha ndege." Nikamuuliza, je, siku za mbele wakitaka kuiongezea uwezo? "Waongeze nini, dada? Mzee yule anataka kutazama harusi kabla hajafa." Nilimwomba wiki moja. Kisha nyingine. Jedwali likazidi kurefuka, na kila safu mpya ilizaa swali ambalo safu zilizotangulia hazikuwa nalo.

Sasa nafika pabaya. Mzee aliponiuliza kwa nini mashine haiji, nilimjibu kwamba vifaa havijafika dukani. Jibu hilo lilinitoka jepesi, na kwa kuwa halikumtaja mtu nilijidanganya kwamba halimdhuru mtu. Wiki chache baadaye nilikuwa nimeketi naye barazani, fundi akapita njiani, akasimama na kuinamisha kichwa kama inavyopasa: "Shikamoo, mzee." Mzee alimtazama, kisha akageuza uso kuelekea mlimani. Fundi akarudia, kwa sauti ya juu kidogo, akidhani hakusikika. Hakujibiwa. Wasomaji wa milima hii hawahitaji kuelezwa uzito wa kunyimwa marahaba na mzee, tena mbele ya mtu. Fundi alinitazama mimi, akielewa bila shaka nilichokuwa nimesema, na angeweza kunitaja pale pale. Akaenda zake. Nami nikaendelea kunywa uji.

Siku ya hitma fundi alikuja na mashine tayari, ya vifaa vile vile alivyovitenga mwanzo, bila kuagizwa na mtu. Iliwaka, na hakuna aliyeisikia. Picha zilikuwa safi kabisa. Waombolezaji wakasogea, na maswali yakaanza: huyu nani, na yule je? Mjane alitambua wachache, ndugu zake. Waliobaki walipita mmoja baada ya mwingine, wakicheka, wakila pilau, wakituangalia, na sebule nzima haikuwa na jina la kuwapa. Mwanamke wa vigelegele nilimjua alivyokufa, lakini jina mzee hakuwa amelitaja. Mwana akasema kwa uchungu mbele ya wote, "Huyu fundi angefanya kazi yake mapema, tungekuwa na baba hapa anatueleza." Watu wakaitikia kwa kichwa. Fundi alikuwa ameshika rimoti. Hakujitetea, wala hakunitazama.

Nimejiuliza kwa nini ilikuwa rahisi hivyo kwa kila mtu kuamini. Nadhani ni kwa sababu katika jamii yetu ucheleweshaji una mwenyewe aliyekwisha kuandaliwa: fundi, mwenye mikono ya grisi na ahadi za kesho. Msomi akichelewa tunasema anafanya utafiti. Chuo kimenifunza kutoamua kabla ushahidi haujatimia, na ni funzo jema kwa miti, ambayo hukaa ikasubiri. Halikunifunza kwamba mwenye kusubiriwa anaweza kuwa mtu, na kwamba shaka yangu, niliyoiona kuwa uadilifu, mwingine ndiye anayeilipia kwa siku zake. Majina yale hayatapatikana. Kukiri hakutayarudisha, na sijui hasa kutaponya nini.

Wiki iliyopita nilimkuta mama mmoja dukani kwa fundi akidai runinga yake irudishwe vile vile ilivyo mbovu. "Nipe tu, kaka. Nisije nikafa naisubiri kama mzee wa watu." Waliokuwa nje wakacheka. Fundi akaifuta vumbi, akampa. Nilitoka bila kuagana, nikasimama kando ya ukuta wa posta, nikampigia mwana wa marehemu.

"Fundi hakuchelewa," nilisema. "Vifaa alikuwa navyo tangu wiki ya kwanza. Ni mimi niliyemzuia, na ni mimi niliyemwambia baba kwamba havijafika."

Aliniuliza jambo moja tu.

"Na baba alijua?"

"Hakujua."

"Dada," akasema, "katika simu yake ya mwisho alinikataza nisimruhusu yule fundi kufika mazikoni. Nami nilimsimamisha mlangoni, akarudi."

Kisha akakata simu.