Jiwe Nililolisugua

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu Naliaka, kila ukinieleza habari za chombo chenu cha kuleta udongo wa sayari ya Mirihi hapa duniani. Jana uliniambia uliugusa mfuniko wake kwa ndani bila glavu, kwamba majaribio ni Alhamisi, na kwamba hakuna aliyekuona. Kisha ukaniuliza kama nimekula. Mimi shangazi yako nimekulea. Najua ukianza habari za chakula, kuna jambo limekukaba.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mfanya usafi katika nchi ya Waarabu, nikilala mtaa wa Muhaisnah, watu sita chumba kimoja. Kila asubuhi basi la kampuni lilinishusha Freezone, eneo la biashara huru la uwanja wa ndege, kwenye ofisi ya madam mmoja msomi. Siku hiyo nikakuta mezani sanduku wazi, na ndani yake jiwe jeusi limejaa vumbi. Lilikuwa kimondo kilichookotwa jangwani, na wataalamu walisema asili yake ni Mirihi, lakini nani angenieleza mimi? Nililoona ni uchafu. Mwanangu, nililisugua jiwe lile kwa maji ya sabuni, na wimbo juu.

Madam alichungulia mlangoni, simu sikioni, akauliza, "Is it clean?" Alimaanisha kama halijaguswa. Nami nikajibu kwa majivuno, "Very clean, madam. Khalas," yaani safi kabisa, kazi imekwisha. Akaniambia nilifunge sanduku, gari la kulipeleka kwenye ndege liko njiani.

Nikaenda kujisifu kwa mlinzi wa mlangoni, Mzee Kato, Mganda mpole, mtu wa kanisa. Hakucheka. Alikuwa amemsikia madam akisema kwamba huko liendako watalipima jiwe hadi chembe ya mwisho, wakitafuta dalili za uhai. Nikasema nitanyamaza, maana wakinirudisha Kenya nani atawalisha wa nyumbani? Mzee akanitazama kwa huruma.

"Binti, madam atahangaika mwaka mzima na sabuni yako, akidhani imetoka Mirihi. Mwambie kabla gari halijafika."

Mficha uchi hazai. Nilimwambia huku nalia. Madam alikaa chini. Kisha akauliza: upande gani, sabuni ipi, kitambaa kipi? Nikavileta. Akavifungasha vikasafiri pamoja na jiwe, ili wenzake wakiikuta sabuni waitambue, wasiisingizie Mirihi, na wachukue vipande vya ndani ambako maji hayakufika. Mimi nilihamishiwa kusafisha vyoo vya hoteli moja mtaa wa Al Garhoud. Sikupenda hata kidogo, nisikudanganye. Lakini usingizi niliupata.

Sasa nisikilize. Chombo chenu kitakwenda mbali hata akili yangu haifiki, na kikisharudi hakuna atakayeweza kukimbia tena huko kuuliza. Watu watauamini udongo ule kwa kuwaamini ninyi mlioufunga. Mdharau mwiba mguu huota tende: haya ni majaribio tu, lakini ukizoea kuficha leo, siku ya safari yenyewe utaficha pia. Na alama ya kidole si jambo la kufia, mwanangu. Mkubwa wako akiijua ataipima, ataiandika, pengine ataisafisha na kazi iendelee. Asiyoijua ataifanyia nini?

Kesho asubuhi, kabla hujavaa lile koti lako jeupe, mwambie. Usitume ujumbe wa simu. Simama mbele yake. Huenda akakutoa kwenye kundi, na sitakudanganya kwamba haitauma, maana najua ulivyoitafuta nafasi hiyo. Ukitolewa, njoo kwangu. Nitakupikia ugali na mrenda, tutalia wote, kisha utaanza tena.

Nakupenda, msomi wangu mwenye vidole visivyotulia. Mungu aubariki mkono wako, hata huo uliosahau glavu, na akufungue kinywa kabla ya Alhamisi.