Karanga za Kaku

Hapa sokoni Likasi mama mmoja anakaanga karanga, na harufu yake inanirudisha kwenye kizingiti cha jiko la kaku, bibi yangu mzaa mama.

Kaku hakuwa na meno. Kila jioni mimi ndiye niliyemtwangia karanga katika kinu kidogo nilichokibana kwa magoti. Tulichovya vidole pamoja katika unga ule wenye mafuta na chumvi, mpaka mikono yetu ikanukia sawasawa.

Kisha mjomba, aliyekuwa akifanya kazi mgodini Kakanda, akampeleka kwa daktari wa meno, naye kaku akarudi na meno ya bandia. Mashavu yakajaa. Jumapili kaku akaimba kanisani bila kufunika mdomo kwa kitambaa, na nyumbani akatafuna mahindi ya kuchoma huku akicheka. Majirani wakaja kumtazama. Kila mtu alifurahi. Kinu kikabaki nyuma ya mlango, kimepinduliwa, nami nikayachukia meno yale meupe.

Jioni moja nilimkuta kizingitini, sahani ya karanga mapajani. Alinitazama, akakitazama na kinu nyuma ya mlango. Halafu akageuka kando, akayatoa meno, akayatia katika gilasi ya maji.

“Leta kinu,” alisema, mashavu yamezama tena. “Leo meno inapumuzika.”

“Inakuumiza, kaku?”

“Hapana, mutoto yangu. Twanga.”

Nimenunua karanga za mama huyu. Nikifika nyumbani nitazitwanga, ingawa meno yangu yote bado yapo.