Baa Iliyogoma Kutoka Ukutani

Nyumba yetu ya biashara hapa Nyeri mjini ni ya zile za zamani zilizobanana ukuta kwa ukuta, mbele nyembamba, nyuma ndefu kama shimo la fuko. Jirani wa kushoto akipiga chafya, wa kulia anasema pole.

Ilijengwa na Mhindi muuza vitambaa, aliyeishi huko nyuma na familia yake. Akafuata muuza nyama. Kisha ikaja baa, na hiyo ndiyo iliyokaa muda mrefu kuliko wote. Mwisho likawa duka la chakula cha kuku, lililotuachia harufu na panya wawili wanene wenye madharau. Historia hii sikuisoma popote. Niliikwangua. Mama alipokodisha ili auze yunifomu za shule, mimi ndiye niliyepewa msasa likizo nzima. Juu kijivu cha kuku, chini yake kijani cha baa, halafu nyekundu ya nyama, na chini kabisa samawati ya Mhindi, nzuri hadi nikaionea huruma.

Tukapaka rangi ya maziwa. Mvua ikanyesha, ukuta ukanywa maji, na neno BAR likajitokeza kwa herufi ndefu kuliko mimi. Tukapaka tena. Likarudi, safari hii na chupa kando yake.

"Ongeza rangi," mama akasema.

"Mami, hii haitaki rangi. Inataka maombi."

"Maombi ni Jumamosi. Na wewe siku hiyo ufunge hiyo mdomo."

Jumamosi pasta angekuja kubariki duka, pamoja na kina mama wa kanisa. Hao ndio wateja mama aliowategemea. Wakisikia anauzia watoto wao soksi ndani ya baa, ati hata mmoja angerudi? Kwa hivyo tukafunika ukuta mzima kwa sweta.

Siku ikafika. Pasta akafumba macho, akaanza kuomba. Mlango ukafunguka, akaingia guka mmoja, mzee mwenye kofia na bakora, akaenda moja kwa moja hadi kaunta, akaketi juu ya katoni ya soksi.

"Mama, leta moja. Isitoke kwa friji."

Kila mama wa kanisa alifungua jicho moja.

"Guka, hapa ni yunifomu," mama akanong'ona.

"Basi leta hiyo, bora haina baridi."

Mimi nilikuwa nimeuma mkono wa sweta ili nisicheke.

"Hapa hakuna pombe, guka! Na haijawahi kuwa!"

Guka akakasirika. Akainua sweta mbili kwa bakora, BA ikachungulia. "Na hii ni nini? Mwanzo, sura ya kwanza?"

Mama alitazama sakafu kana kwamba anatafuta mahali pa kuingilia. Guka akamgeukia pasta, akamkazia macho.

"Si ni wewe? Na umesimama kwa nafasi yangu!"

Pasta akavua miwani, akaifuta polepole.

"Hapana, guka. Wewe ulikuwa unakaa kule kwa dirisha. Hapa palikuwa pangu."

Sasa, kila Jumapili pasta hutoa ushuhuda wa jinsi alivyokuwa amepotea kabla ya kuokoka. Hakuna aliyewahi kumuuliza alipotelea wapi. Kumbe ni kwetu!

Mama mmoja akaangua kicheko, na wengine wakafuata.

"Pasta, tuendelee kuomba?" mama akauliza kwa sauti ya kuku mgonjwa.

"Tuendelee, dada. Hii nyumba mimi niko na sababu ya kuiombea."

Baada ya amina, wakaanza kuulizia saizi. Sweta zikashuka moja moja, R ikatokea, kisha chupa yote, na mama wala hakutazama. Alikuwa akipima mabega ya mtoto. Guka na pasta walikuwa wamesimama dirishani, kila mmoja akiapa ati mwenzake ndiye aliyevunja kioo enzi zile za baa.