Kongosho la Mbuzi Bubu

Idara yetu ya biokemia, pale Lodwar, ilikuwa na ngao moja ya mbao iliyotundikwa juu ya mlango wa maabara. Kila mwaka fundi aliitwa kuandika jina jipya kwa rangi nyeupe: jina la mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ambaye utafiti wake umewashinda wenzake wote. Ngao yenyewe haikuwa na uzuri wowote. Joto lilikuwa limeipinda, na aliyeichonga hakuwa na haraka ya kuipiga msasa. Tulichokitaka ni kile kilichoandamana nayo. Mshindi alibaki idarani kama msaidizi wa maabara na kuanza shahada ya pili. Mmoja tu. Wengine walirudi makwao wakaanza kuulizwa na majirani watafanya kazi gani.

Kwetu ni Kakuma. Sikutaka kurudi. Kakuma si pabaya, nimezaliwa pale, na mtu akipasema vibaya mbele yangu tutakosana. Lakini nilikuwa nimeonja maabara. Nilipenda kukitafuta kitu nisichokiona kwa macho, nikipime, na kesho nikipime tena nikute jibu ni lile lile. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyotaka kuolewa, jambo lililowasikitisha shangazi zangu, na wala hawakulificha.

Niliyemhofia kuliko wote alikuwa rafiki yangu. Alikuwa Mkongo aliyekulia katika kambi ya wakimbizi, na tulilala chumba kimoja hosteli. Yeye alichunguza samaki wa Kalokol, kule ziwani, jinsi mafuta yao yanavyoharibika wakianikwa mchangani na wakianikwa juu ya vichanja. Alikuwa mtu wa taratibu, hapazi sauti, na kila akitoka Kalokol alirudi na mzigo wa samaki ulionukisha chumba mpaka mito. Nilimwambia akishinda atakuwa amenitesa mara mbili. Alicheka tu. Mama yake alizikwa Kongo na yeye hakuwahi kuliona kaburi lenyewe. Alinieleza hayo tukifua nguo, kisha akaendelea kusugua shuka.

Utafiti wangu ulikuwa juu ya kongosho la mbuzi. Kongosho ni kile kipande laini kinachoning'inia karibu na utumbo, na ndani yake mna kimeng'enya kinachovunja mafuta. Nilitaka kukitoa humo na kukitumia kusafisha mafuta kwenye ngozi za mbuzi, badala ya kemikali kali ambazo hukausha mikono ya wanawake wanaozitengeneza ngozi hizo. Lilikuwa wazo zuri. Hata leo nasema hivyo. Ila kongosho lina tabia mbaya. Mbuzi akishakufa, linaanza kujila lenyewe. Lisipotiwa barafuni upesi, hakuna utakachopima.

Lodwar nilishindwa kulipata. Kwenye kichinjio cha mjini, matumbo ya mbuzi yana wenyewe kabla mbuzi hajaanguka. Wanawake wa supu wanasimama pale na ndoo zao, na hawana subira na msichana wa koti jeupe anayetaka kuchokonoa. Mmoja aliniambia nikitaka kusoma matumbo nisubiri yaive. Kwa hiyo nikaenda Kakuma, ambako mjomba wangu, kaka yake mama, huchinjia mbuzi wa soko kando ya laga, ule mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha. Nilibeba boksi langu, nikanunua barafu kwa Msomali mwenye friza, na mjomba akanipa kongosho bure. Nililitia barafuni kwa mkono wangu mwenyewe na kurudi nalo Lodwar nikiwa nimelikumbatia njia nzima.

Daktari aliyenisimamia, mtu wa magharibi ya nchi mwenye mzaha mwingi na imani haba, aliangalia majibu yangu na kutikisa kichwa.

"Hii enzaimu yako imekufa kitambo," alisema. "Inafaa tuifanyie mazishi."

Nilikwenda tena, nikarudi na maiti nyingine. Nikabadilisha maji ya chumvi ninayotumia. Nikabadilisha barafu. Nikaosha vyombo mpaka mfanyakazi wa stoo akaja kuuliza sabuni inakwenda wapi. Majibu yakawa yale yale. Chumbani rafiki yangu alichora michoro ya samaki wake, mistari ikipanda vizuri, na mimi niligeukia ukuta nikajifanya nimelala. Nilimwonea wivu. Ulikuwa wivu mtupu, wala sina jina lingine la kuupa.

Safari iliyofuata sikusimama kando kama mgeni. Nilichuchumaa pale pale mbuzi alipochunwa, na hapo nikaona kitu nilichokuwa nimekiona tangu utotoni bila kukitilia maanani. Mbuzi akifunguliwa, matumbo yake hayaendi popote. Yanatandazwa juu ya ngozi, wazi juani, na wazee wanakuja kuyasoma. Mshipa huu ni mto, ule ni njia ya ng'ombe, doa lile ni boma la watu. Wanatafuta mvua, ugonjwa, wezi wa mifugo. Na hawakubaliani. Mmoja anaona mvua upande wa Lokitaung, mwingine anamwambia macho yake yameingia moshi, wa tatu anataka yageuzwe upya. Ugomvi ule ni nusu ya raha yao. Wakati wote huo kongosho langu limelala juani, likijila. Mimi nilikuwa nikilipokea wazee wakishamaliza, nikilitia barafuni kwa heshima zote, kama mtu anayekimbiza hospitalini mgonjwa aliyekwisha kuzikwa.

Na kosa hilo, nadhani, ni mtu wa kwetu tu anayeweza kulifanya. Mgeni angeuliza siku ya kwanza hawa wazee wanafanya nini. Mimi sikuwaona kwa sababu huwa wapo siku zote.

Nilimwomba mzee aliyewaongoza aniruhusu nilikate kongosho kwanza. Alinitazama kama niliyeomba kulikata sikio lake.

"Huo ni mlima," alisema. "Ukiondoa mlima, adui atajificha wapi nimwone?"

"Basi someni upesi, babu."

"Wewe ulisoma chuoni miaka yote hiyo. Kuna aliyekuharakisha?"

Nilijaribu kuweka barafu chini ya ngozi, kwa siri. Mzee aliyagusa matumbo, akauondoa mkono haraka na kumuuliza mjomba huyu mbuzi alikufa jana au leo. Mjomba alinifukuza nikakae na wanawake.

Ndipo mama akaingia katika jambo hili. Mama alikuwa na mbuzi wachache, na msimu ule alikuwa akiwatoa mmoja mmoja kwa mjomba ili wauzwe. Sheria ya pale iko wazi: mwenye mbuzi ndiye mwenye neno. Wazee wanasoma kwa idhini yake, na akikataa, hawasomi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kukataa, na mama ndiye angekuwa wa mwisho kukataa. Tangu baba afariki, mama hakupenda kushtukizwa na dunia. Kila mbuzi wake aliyechinjwa alisomwa, naye alisimama pembeni mikono nyuma, akisikiliza kila neno. Alitaka kujua mvua itaanguka wapi, nani atarudi na nani hatarudi. Kujua mapema ndiko kulimpa usingizi.

Nilimweleza habari ya ngao, ya nafasi moja, na ya kongosho linalojila. Alinisikiliza hadi mwisho akisuka mkeka, kisha akauliza kama nina hakika kwamba wasiposoma nitapata ninachokitaka.

"Nitapata kimeng'enya," nilisema. "Ngao sijui."

"Kwa hiyo hata wewe hujui."

"Sijui, mama."

Asubuhi yake alikwenda kwa mjomba na kusema mbuzi wake wasisomwe. Mzee aliondoka akinung'unika. Mjomba alifungua, mimi nikakata, na kongosho likaingia barafuni bado lina joto la mbuzi. Lodwar, majibu yalipotoka, Daktari aliyatazama bila mzaha wowote, akaniagiza nirudie. Nikarudia. Kimeng'enya kilikuwa hai, tena kikali. Kipande cha ngozi nilichokilowesha kilitoka safi. Niliruka pale maabarani kama mtoto aliyepewa kiatu kipya.

"Mbuzi mmoja si utafiti," Daktari alisema. "Lete wengine."

Mama akaleta wengine, kila alipokuwa na wa kuuza. Pale kichinjioni wakapewa jina: mbuzi bubu. Wanunuzi wa mjini hawakujali, nyama ni nyama, lakini wanawake kisimani walijali. Laga lilipojaa ghafla na kusomba wana-mbuzi wa jirani yetu, mmoja wao alisema kwa sauti kwamba kuna mbuzi ambao wangetuonya, kama wangeruhusiwa kusema. Mama aliinua mtungi wake akaondoka. Nilimwambia tuache, niliyonayo yanatosha. Yalikuwa hayatoshi, na alijua. Aliniambia nisimfundishe kazi ya mbuzi wake.

Kabla ya siku ya kushindanisha kazi zetu, Daktari alinishauri kuhusu yale majibu ya mwanzo yaliyokufa. Niandike tu kwamba sampuli zilichelewa kufika, alisema, watu hawahitaji hadithi. Nilikubali. Lakini waamuzi wawili walipokuja kutoka makao makuu ya chuo, na mmoja akaniuliza kwa Kiingereza chake kizuri zilichelewa kwa sababu gani, nilijikuta nasema ukweli: wazee wetu walikuwa wakizisoma. Ukumbi mzima ukacheka. Yeye pia alicheka, bila ubaya. Mimi sikucheka. Nilieleza mlima ni nini, na mto, na kwa nini mwenye mbuzi ana neno, na nikasema kwamba bila mwenye mbuzi mmoja kukubali kuishi bila kujua, mchoro walio nao mbele yao usingekuwapo.

Mama alikuwepo. Alikuja na gari la asubuhi, amevaa shanga zake zote na shuka jipya, akaketi safu ya mbele mahali palipotengwa kwa wakubwa, na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Kiingereza hakujui. Alitazama nyuso.

Waamuzi walirudi wakasema kazi yangu ina wazo jipya kuliko zote, lakini wanyama ni wachache mno kuweza kuthibitisha lolote. Samaki walikuwa wengi. Wakaliita jina la rafiki yangu.

Nilipiga makofi. Mikono ilipiga yenyewe. Mengine yote ndani yangu yalikuwa yameanguka, na nilikuwa nikihesabu vigae vya sakafu ili nisilie mbele ya watu. Kazi yake ilistahili. Nilijua inastahili, na kujua hakukunisaidia kitu.

"Wamesema nini?" mama aliuliza.

"Wamemchukua yule. Mimi narudi nyumbani."

Mama alitazama mbele. Rafiki yangu alikuwa amesimama mbele na ile ngao mikononi, watu wa idara wakipiga picha, na hakuwa na mtu wake hata mmoja ukumbini.

"Mama yake amekaa wapi?"

"Hana mama. Alifariki."

Mama akasimama. Nilidhani anataka tuondoke, nikachukua mkoba. Badala yake alipita katikati ya wapiga picha, akaishika shingo ya rafiki yangu, akakiinamisha kichwa chake na kumtemea mate, kidogo kidogo, kwenye paji la uso na kifuani, akisema maneno ambayo kwetu mzazi humwambia mtoto anayekabidhiwa jambo kubwa. Waamuzi walishtuka. Daktari, aliyekaa Lodwar vya kutosha, aliwaambia hiyo ni baraka, na wapiga picha wakashusha simu zao.

Nilimfuata. Sitaficha: nilikasirika. Mate yale yalikuwa yangu. Ni mimi niliyebeba barafu, ni mbuzi wetu walioitwa bubu.

"Mama, mbona yeye?"

"Mbuzi wangu hawakusema," alinijibu. "Nimekuja hapa bila kujua nani ataitwa. Nilikuja kumbariki atakayeitwa, na ameitwa huyu. Wewe naenda nawe nyumbani."

Akarudi kukaa mahali pa wakubwa na kuomba maji.

Rafiki yangu alikuwa bado ameinama, ngao kifuani, unyevu unang'aa juu ya nyusi zake. Hakusogea. Aliinua macho tu, yamejaa machozi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, sasa nifanye namna gani? Nipanguse ao niache?"

Angefanya lolote ambalo ningemwambia. Hakujua chochote juu ya mila hii zaidi ya nilichotaka ajue, na leso nilikuwa nayo mkononi.

"Usipanguse," nilimwambia. "Acha yakauke yenyewe."

Kwa joto la Lodwar, haikuchukua muda.