Daftari la Vita la Watu Wawili

Sogea nikueleze, wewe unayesikiliza, na usinikimbize, maana habari ya wivu ikielezwa mbiombio mwenye wivu huonekana ana haki.

Baba yangu alikwenda vita vya Kagera akiwa mgambo, akarudi na daftari la shule aliloliandika kila siku kwa penseli. Mwenzake wa handaki moja, mvuvi wa Igogo, hakujua kusoma wala kuandika. Alikuwa amekwepa madarasa ya ngumbaro, ya watu wazima, miaka yote, kila akiitwa anadai nyavu zimenasa ziwani. Huko vitani akamwomba baba amwandikie na habari zake. Basi baba akagawa daftari: ukilifungua, ukurasa wa kushoto ni siku ya baba, wa kulia ni siku ya mwenzake, kama alivyoitamka mwenyewe. Baba alirudi nyumbani Mkolani. Mwenzake hakurudi. Aliacha mke na binti mchanga wa umri wangu.

Tulikua. Viwanda vya minofu ya sangara vikafunguliwa kando ya ziwa, kila mtu mjini akawa anazungumzia biashara. Mimi nilikuwa nasoma ualimu Butimba, na binti yule akapata kazi kiwandani. Kila Jumapili alikuja kwetu na mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, akamkabidhi mama, kisha akapiga goti mbele ya baba kumwamkia. Baba aliitika marahaba, akafungua sanduku, akatoa daftari na kumsomea kurasa za kulia.

Mimi hakuwahi kunisomea hata mstari. Utotoni nilipomuuliza habari za vita alinijibu kwamba mvua ilinyesha sana, basi. Sasa nilikaa jikoni nikimenya viazi, nawasikia wanacheka sebuleni, na baba yangu si mtu wa kucheka. Mama alinitania kwamba nikiendelea kumenya hivyo tutakula maganda. Sikufichi, nilimchukia yule binti hata kwa mapanki yake, huku nayala.

Jumapili moja akaomba alichukue daftari akamwonyeshe mama yake, ambaye miguu haikumruhusu tena kusafiri. Baba akasema atampa wiki inayofuata. Ijumaa nikatoka chuoni, nikakuta baba yuko shambani, nikachukua wembe. Niliona natenda haki kabisa: kurasa za kulia ziende Igogo, za kushoto zibaki kwangu. Nikakata karatasi ya kwanza, nikaigeuza.

Chukua daftari lolote uone kosa langu. Ukurasa wa kulia ukiugeuza, mgongoni mwake ndipo penye ukurasa wa kushoto unaofuata. Upande mmoja wa karatasi niliyoikata, mvuvi alieleza jinsi walivyosonga ugali kwa maji ya dimbwi. Upande wa pili baba aliandika: "Nimemwota mtoto anatembea. Sijui kama ameanza." Mtoto ni mimi. Hapakuwa na karatasi hata moja ambayo ingekuwa ya mmoja wetu peke yake.

Baba akanikuta nimeishika. Hakunigombeza.

"Ulitaka nini, mama?" akaniuliza.

"Kurasa zako."

"Wewe baba yako nipo. Yeye wa kwake yuko humo tu."

"Upo, lakini yeye unamsomea. Mimi hunisomei."

Alikaa kwenye kigoda, akafuta udongo kwenye jembe kwa kidole, pole pole, mpaka likang'aa.

"Zile nazisoma kwa sababu si zangu," akasema. "Zangu zinanishinda."

Akaniambia nizisome mwenyewe, ila wakati yeye hayupo.

Jumapili nilimwonyesha yule binti karatasi iliyokatwa. Aliitazama pande zote mbili, kisha akanitazama mimi. "Mwalimu mzima," akasema, "hujui karatasi ina mgongo?" Nikacheka bila kupenda. Tukalipeleka daftari mjini kwenye duka jipya la fotokopi, lakini penseli ilikuwa imefifia na karatasi zikatoka karibu nyeupe. Ikabidi tunakili kwa mkono. Jumapili nyingi tulikaa sebuleni, yeye anasoma, mimi naandika. Baba siku hizo alikuwa na kazi isiyokwisha huko nyuma ya nyumba.

Tulipomaliza, baba aliuliza nani achukue daftari lenyewe. Mama wa yule binti hakuwa na kingine cha mumewe, hata picha. Nilijua jibu, nikalitoa shingo upande. Daftari likaenda Igogo, mimi nikabaki na nakala, yenye habari zote za baba, kwa mwandiko wangu. Wivu haukuisha. Mpaka leo nikikumbuka kwamba mwandiko wa penseli wa baba yangu uko katika sanduku la watu wengine, natamani kwenda kuudai. Lakini maneno ninayo, na hayafutiki tena.

Kama kwenu kuna daftari la namna hii, kaa nalo dirishani asubuhi kukiwa na mwanga, ulinakili lote kwa kalamu ya wino, ukianza na ukurasa uliofifia kuliko yote.